Fahali Wawili na Zizi Moja: Jinsi ya Kuchagua Sungura Watakaopatana Kizimbani

Utangulizi

Kaunti za Kisii na Nyamira ni miongoni mwa maeneo ya mashambani yenye msongamano mkubwa wa watu nchini Kenya. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019, Kisii ilikuwa na zaidi ya watu 900 katika kila kilomita mraba, na Nyamira zaidi ya 600. Mashamba yamegawanywa baina ya wana na wajukuu hadi yakawa vipande vidogo, na katika vipande hivyo mna migomba, majani chai, mahindi, nyumba na makaburi ya wazee. Katika mazingira ya aina hii ng'ombe wa pili huwa mzigo, lakini sungura hakosi mahali. Kizimba chake chaweza kuegemezwa ukutani nyuma ya jikoni, na chakula chake, yaani nyasi na majani ya viazi vitamu, hupatikana papo hapo bomani.

Hata hivyo, ufinyu huo huo wa nafasi ndio unaozua tatizo linaloshughulikiwa hapa. Mwenye kizimba kimoja huona ni busara kuwaweka humo sungura wawili au watatu, kwa kudhani kwamba wanyama wa jamii moja hawakosi kupatana. Aghalabu matokeo huwa majeraha, vitoto vilivyouawa, au mimba zisizotarajiwa. Suala hili lina uzito zaidi kwa kuwa wafugaji wengi wa sungura ni watoto. Vilabu vya 4-K, ambavyo jina lake latokana na maneno Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilianza mwaka 1962 na kufufuliwa shuleni mwaka 2021, na sungura ni mmoja wa wanyama walio rahisi kufugwa na wanafunzi. Mtoto anayefungua kizimba asubuhi na kumkuta sungura wake ameraruliwa na mwenziwe hufunzwa jambo ambalo hakuna mwalimu aliyekusudia kumfunza.

Makala hii inanuia kueleza ni sungura gani wanaoweza kukaa pamoja, ni gani wasioweza, na kwa sababu gani. Hoja yake kuu ni kwamba kupatana kwa sungura si suala la bahati. Hutegemea mambo manne: jinsia, umri, mazoea na nafasi.

Wanyama wawili katika neno moja

Msomi wa Kiswahili anapolisikia neno "sungura" humkumbuka kwanza yule mjanja wa ngano, anayetembea peke yake na kuwahadaa fisi, simba na ndovu. Yule ni sungura wa mwituni, ambaye katika kamusi huitwa pia kitungule. Kitungule huishi juu ya ardhi, hulala katika kijishimo kifupi nyasini, na kwa sehemu kubwa ya maisha yake hujitegemea. Watoto wake huzaliwa wakiwa na manyoya na macho yaliyo wazi, tayari kujificha.

Sungura wa kizimbani ni mnyama mwingine. Asili yake ni nchi za Uhispania na Ureno, ambako jadi yake huchimba mashimo marefu na kuishi humo kwa makundi. Vitoto vyake huzaliwa uchi na vipofu, na macho yao hufunguka wakifikia takriban siku 10. Kwa hivyo, anayemfuga sungura kwa kuongozwa na ngano humkosea mara mbili. Akimtenga maisha yake yote humnyima wenzake ambao maumbile yamemzoeza kuwa nao; na akimchanganya na yeyote yule husahau kwamba makundi hayo ya mashimoni yana sheria zake. Mtaalamu wa viumbe R. M. Lockley, aliyewachunguza sungura wa porini huko Wales na kuchapisha kitabu The Private Life of the Rabbit mwaka 1964, alieleza kwa kina jinsi madume na majike wanavyokuwa na ngazi za ukubwa, na jinsi kila kundi linavyolinda eneo lake. Sungura ni mnyama wa jamaa, wala si mnyama wa umati.

Jinsia

Jambo la kwanza la kuzingatia ni jinsia. Wahenga walinena kwamba fahali wawili hawakai zizi moja, na kwa sungura dume kauli hii ni kweli tupu. Madume wawili ambao hawajahasiwa, hata wakiwa ndugu wa mzao mmoja, huanza kupigana wanapokaribia kubaleghe, yaani kuanzia umri wa miezi mitatu au minne. Mapigano yao si ya mzaha. Dume hulenga sehemu za uzazi za mpinzani wake kwa meno, na mara nyingi anayeshindwa hubaki hasi au hufa kwa kidonda. Madume waliokwisha kubaleghe basi hawana budi kutengwa, kila mmoja na kizimba chake.

Dume na jike hupatana kwa wepesi zaidi, ila mapatano yao yana gharama. Jike hubeba mimba kwa muda wa siku 31 hivi, na aweza kupandwa tena siku ile ile anayozaa. Dume akiachwa naye kizimbani, jike atakuwa akinyonyesha mzao mmoja huku akibeba mwingine, mpaka nguvu zimwishie. Wafugaji wenye uzoefu humpeleka jike kwa dume wakati wa kupandisha, kisha humrudisha kwake. Mwelekeo huu una sababu. Jike hukilinda kizimba chake kwa ukali, na methali isemayo mgeni njoo, mwenyeji apone, haina nafasi kwake. Dume akiingizwa kwa jike aweza kushambuliwa kabla ya lolote kutendeka.

Mahali penye daktari wa mifugo awezaye kumhasi dume, dume hasi na jike mmoja ndio jozi inayopatana kuliko zote. Izingatiwe kwamba uwezo wa kuzalisha hautoweki siku ile ya upasuaji. Hubaki kwa majuma kadhaa, na katika kipindi hicho wawili hao wasichanganywe.

Majike wawili ndio jozi ifaayo zaidi kwa boma lisilo na huduma hiyo, mradi wawe ndugu au wawe wamekua pamoja. Hata hivyo, mmoja wao akishika mimba, sharti apewe kizimba chake kabla ya kuzaa. Majike hushindania mahali pa kujengea kiota, na aliye mkubwa kwa ngazi huweza kuviua vitoto vya mwenziwe. Aidha, majike wakipandana wenyewe kwa wenyewe, mmoja aweza kupata mimba ya uongo inayodumu kwa siku 16 hadi 18. Katika siku hizo hunyonyoa manyoya yake, hujenga kiota, na huwa mkali kana kwamba ana watoto.

Umri na namna ya kuitambua jinsia

Vitoto vya mzao mmoja hukaa pamoja bila shida baada ya kuachishwa kunyonya, jambo ambalo wafugaji wengi hulifanya vinapofikisha majuma 6 hadi 8. Amani hii ina mwisho wake. Kufikia miezi mitatu inafaa madume yawe yametengwa na majike, kwa kuwa sungura wa aina ndogo huweza kushika mimba wakiwa na miezi minne tu. Sungura wa wastani, kama vile New Zealand White na California, hukomaa baadaye kidogo, na Flemish Giant, aliye mkubwa sana, hukawia zaidi.

Makosa mengi ya uchanganyaji huanzia hapa, kwa sababu jinsia ya kitoto si rahisi kuitambua. Kitoto hulazwa chali mapajani, na ngozi ya sehemu ya uzazi husukumwa taratibu kwa vidole viwili. Kwa dume hujitokeza kijibomba chenye tundu la mviringo. Kwa jike huonekana ufa ulioelekea upande wa mkia. Uchunguzi huu urudiwe vitoto vinapofikisha majuma 10 hadi 12, kwani wakati huo korodani za dume huwa zimeshuka. Anayenunua "majike wawili" sokoni Keroka au Nyamira ana haki ya kuwageuza na kuwatazama mwenyewe kabla ya kulipa.

Mazoea: jinsi ya kuwakutanisha wasiojuana

Zimwi likujualo halikuli likakwisha, na miongoni mwa sungura kujuana ni kwa harufu. Chini ya kidevu sungura ana tezi zinazotoa harufu, naye huzisugua kwenye nguzo, chombo cha maji na hata mwili wa mwenziwe ili kuvitia alama. Mgeni anayeingizwa ghafla huwa hana alama hiyo, na kwa mwenyeji yeye ni mvamizi.

Kwa sababu hiyo, sungura wasiojuana hukutanishwa kwa hatua. Kwanza, vizimba vyao huwekwa ubavu kwa ubavu, waonane na kunusana kupitia wayani, kwa muda wa juma moja au mawili. Pili, katika kipindi hicho nyasi za kulalia hubadilishwa baina ya vizimba ili kila mmoja aizoee harufu ya mwenziwe. Tatu, hukutanishwa mahali ambapo si pa yeyote kati yao, kwa mfano uani palipozungushiwa ua, kwa dakika chache kila siku, na mtu akiwapo. Hatimaye, wanapokuwa wametulia, huhamishiwa katika kizimba kilichosafishwa vizuri, kisichobaki na harufu ya mwenyeji wa zamani.

Dalili za mambo kwenda mrama ni masikio yaliyolazwa nyuma kwa nguvu, mkia ulioinuliwa, mngurumo, na kuzungukana kwa kasi huku kila mmoja akiutafuta mgongo wa mwenziwe. Hapo watenganishwe mara moja, tena kwa ubao au ufagio, kwani mkono mtupu utang'atwa. Kupandana mara moja moja na kufukuzana kidogo si vita. Ndiyo njia yao ya kuamua nani mkubwa. Dalili njema ni kulala wakiwa wamegusana, kula pamoja, na mmoja kuinamisha kichwa ili alambwe na mwenziwe.

Nafasi ya kizimba

Hata ndugu waliopendana hugombana wakibanwa. Kizimba cha wawili kinapaswa kumwezesha kila mmoja kujinyoosha, kuruka mara tatu mfululizo, na kusimama kwa miguu ya nyuma bila masikio kugusa dari. Vyombo vya chakula na maji viwe viwili, la sivyo mkubwa atakula na mdogo atatazama. Ni vyema pia mwekwe sanduku la kujificha lenye milango miwili, ili anayefukuzwa asijikute amenaswa ndani. Katika nyanda za juu za Kisii na Nyamira, ambako mvua ni nyingi na usiku ni wa baridi, kizimba kiinuliwe kwa miguu na kikingwe dhidi ya upepo na matone, lakini kisizibwe hadi hewa ikakosekana. Mkojo wa sungura hutoa harufu kali inayochoma mapafu, na sungura mgonjwa huwa mchokozi au huchokozwa.

Sungura na simbilisi

Suala jingine linaloibuka mara kwa mara ni la kumchanganya sungura na simbilisi, kwa kuwa ukubwa wao unakaribiana na wote hula majani. Mchanganyo huu haufai. Teke la sungura laweza kumvunja simbilisi mbavu. Isitoshe, sungura huweza kubeba bakteria wa Bordetella bila kuugua mwenyewe, ilhali bakteria huyo humletea simbilisi homa ya mapafu. Mahitaji yao ya chakula pia ni tofauti, kwani mwili wa simbilisi, sawa na wa binadamu, hauwezi kujitengenezea vitamini C, nao wa sungura waweza.

Anayetaka kumwondolea simbilisi upweke amtafutie simbilisi mwenziwe. Kanuni hii nayo haimhusu kila mnyama mdogo. Hamsta wa Siria, anayefugwa sana nyumbani huko Ulaya na Marekani, akishakomaa sharti akae peke yake, na ukimwekea mwenziwe watapigana hadi mmoja afe. Upweke ambao kwa sungura ni adhabu, kwa hamsta ni amani.

Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba sungura wanaofaa kushiriki kizimba ni majike ndugu, au dume hasi na jike, au vitoto vya mzao mmoja kabla ya kutimiza miezi mitatu. Wasiofaa ni madume wawili waliobaleghe, jike aliye karibu kuzaa na mwingine yeyote, na wageni waliotupwa pamoja bila kuzoeshwa. Mwenye kizimba kimoja tu ana njia mbili za haki: awachague majike wawili waliozaliwa pamoja, au akigawe kizimba kwa wayani, ili wanyama waonane na kunusana bila kuumizana. Kipande cha wayani ni bei nafuu kuliko sungura mmoja. Klabu ya 4-K inayoitamka K ya kwanza, Kuungana, ina wajibu wa kuwaeleza wanachama wake kwamba kuunganisha viumbe ni kazi inayohitaji kuwajua kwanza.