Dhahabu ya Sonara na Ngozi ya Mvaaji

Hereni mbili zaweza kung'aa sawasawa katika kabati la kioo la sonara wa Mchafukoge, moja ikavaliwa miaka bila taabu, nyingine ikaleta muwasho na majimaji kwenye ndewe ya sikio. Sababu haimo katika mng'ao, imo katika metali zilizoyeyushwa pamoja.

Zaidi ya robo tatu ya elementi zote ni metali: hupitisha joto na umeme, na nyingi hufulika zikawa bamba. Kikemia, hujulikana kwa kuachia elektroni. Chuma huziachia upesi, kikapata kutu. Dhahabu huziachia kwa shida sana, hivyo hewa na jasho haviiharibu. Uthabiti huo pamoja na uadimu ndivyo vilivyoiweka katika kundi la metali za thamani, pamoja na platinamu, paladi na fedha (ingawa fedha husawijika kwa salfa). Chuma, zinki, risasi na nikeli huhesabiwa metali za kawaida, hata kama nikeli ya Kabanga, wilayani Ngara, si mali ya kudharauliwa.

Dhahabu tupu, yaani karati 24, ni laini mno kwa pambo. Sonara huichanganya ipate ugumu. Muhuri 916 ni karati 22. Muhuri 750 ni karati 18, yaani robo tatu dhahabu. Robo iliyobaki muhuri hauitaji. Yaweza kuwa fedha na shaba. Katika dhahabu nyeupe yaweza kuwa paladi, au nikeli. Pambo lililopakwa maji ya dhahabu huweza kuficha nikeli ndani, hadi ganda lichakae.

Chumvi ya jasho huyeyusha nikeli kidogo kidogo. Ioni zake hupenya ngozi na kushikamana na protini. Kinga ya mwili ikishaihesabu kuwa adui, mzio huo kwa kawaida hudumu maishani. Mara nyingi huanzia kwenye tundu la sikio lililotobolewa. Vipele huchelewa siku moja hadi tatu, ndiyo maana wengi hulaumu sabuni; baadaye hata kifungo cha suruali huamsha muwasho karibu na kitovu.

Daktari wa ngozi huthibitisha mzio kwa kubandika kipimo cha nikeli mgongoni kwa saa 48. Kwa mtoto anayetobolewa masikio, mzazi amuulize sonara, kabla ya bei, dhahabu hiyo imechanganywa na nini. Asipopata jibu, hereni ya titani ni salama zaidi.