Kusasisha Nini? Istilahi za Zana za Kusimamia Programu za Seva katika Miongozo ya Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna zana za kusimamia programu zinavyosakinishwa na kuendeshwa katika seva ya mtandao, kwa mfano wa APT katika mfumo wa Debian. Yanaonesha pia jinsi istilahi moja ya Kiswahili, kusasisha, ilivyoficha vitendo viwili tofauti na kuchangia upotevu wa data ya utafiti. Inapendekezwa kwamba istilahi za uwanja huu zisanifiwe pamoja na yambwa zake.

1.0 Utangulizi

Chanzo cha makala haya ni mwongozo nilioandika mwenyewe. Kituo kimoja cha utafiti wa lugha katika nchi jirani kiliniomba maelekezo ya Kiswahili ya kutunza seva ndogo iliyohifadhi rekodi za mahojiano na wazee. Ukurasa wa pili ulikuwa na sentensi hii: “Sasisha seva kila Jumatatu.” Fundi wa kituo, kijana makini aliyesomea kazi yake kwa Kifaransa, aliitekeleza kwa miezi kumi na mmoja bila kukosa juma hata moja, na kila mara aliandika tarehe katika daftari. Hatimaye watu wasiojulikana waliingia katika seva kupitia tundu la kiusalama ambalo marekebisho yake yalikuwa yametolewa miezi mingi kabla, wakayafunga mafaili yote kwa msimbo. Saa 41 za sauti hazikupatikana tena, kwa kuwa nakala ya akiba ilikuwa katika diski ya seva hiyohiyo. Wawili kati ya wazee waliorekodiwa walikuwa wamekwisha kufariki.

Nilipolipitia daftari lile pamoja na kumbukumbu za seva, nilibaini kwamba kila Jumatatu fundi alichapa amri apt update, na hakuna kingine. Kwa mujibu wa sentensi yangu, alikuwa sahihi.

2.0 Zana na namna inavyofanya kazi

Debian ilianzishwa na Ian Murdock mwaka 1993. Chombo chake cha msingi, dpkg, hufungua furushi la programu na kuweka yaliyomo mahali pake katika diski, lakini hakiendi kulitafuta furushi hilo mtandaoni. Programu moja ikihitaji nyingine nne ili ifanye kazi, dpkg hulalamika tu na kumwachia msimamizi mzigo wa kuzitafuta. APT, iliyoingizwa rasmi katika toleo la Debian 2.1 mwaka 1999, iliuondoa mzigo huo: husoma orodha ya yaliyomo katika maghala ya mtandaoni, hukokotoa ni programu zipi zinategemeana, huzipakua zote, kisha humkabidhi dpkg kazi ya kuzisakinisha. Ubuntu, iliyotokea mwaka 2004, imejengwa juu ya msingi huohuo.

Jambo la kuzingatia ni kwamba orodha na programu ni vitu viwili. Seva hutunza nakala yake ya orodha. Amri apt update huleta orodha mpya na kuishia hapo. Programu zilizokwisha kusakinishwa haziguswi kabisa. Amri apt upgrade ndiyo inayolinganisha orodha na kilichomo katika seva, ikapakua matoleo mapya na kuyaweka mahali pa yale ya zamani. Anayetoa amri ya kwanza pekee ni sawa na mtu anayesoma bei za soko kila asubuhi asinunue chochote.

Hata amri ya pili haimalizi kazi. Huduma iliyokuwa ikiendeshwa wakati toleo jipya linawekwa inaweza kuendelea kutumia msimbo wa zamani uliomo katika kumbukumbu ya mashine hadi iwashwe upya. Na kiini cha mfumo kikibadilishwa, kwa kawaida seva yote huhitaji kuwashwa upya. Yapo pia masharti ya awali ambayo miongozo mingi hayataji. Orodha ya ghala hutiwa saini ya kidijiti, na seva huihakiki saini hiyo kabla ya kuiamini orodha. Saa ya seva ikiwa nyuma, orodha huweza kukataliwa kwa hoja kwamba muda wake wa kutumika bado haujaanza. Katika ofisi ambazo umeme hukatika mara kwa mara na betri ndogo ya ubao mkuu imekwisha, hitilafu hii ni ya kawaida kuliko wadukuzi, nayo huonekana kama tatizo la mtandao.

Kwa taasisi zenye intaneti ya gharama kubwa, hatua yenye faida ni kusakinisha apt-cacher-ng katika mashine moja. Zana hii, ambayo kwa kawaida husikiliza kwenye mlango namba 3142, hutunza kila furushi linalopakuliwa mara ya kwanza, na mashine nyingine za jengo hulipata kutoka kwake bila kutoka nje tena. Seva zikiwa nyingi, Ansible, iliyoanzishwa na Michael DeHaan mwaka 2012, humwezesha msimamizi kutoa maelekezo mara moja yakatekelezwa kwenye seva zote kupitia SSH. Kwa kawaida seva zinazosimamiwa huhitaji tu kuwa na Python.

3.0 Kitenzi na yambwa yake

Sasisha limeundwa kutokana na kielezi sasa na kiambishi cha usababishaji: kufanya kitu kiwe cha sasa. Ni uundaji mzuri, nao umekubalika katika simu na kompyuta za mezani, ambako mtumiaji hubofya kitufe kimoja na mashine hufanya yote. Katika seva hakuna kitufe hicho. Mimi nililipa kitenzi hiki yambwa isiyostahili: nilisema seva, ilhali kinachofanywa kuwa cha sasa katika hatua ya kwanza ni orodha tu. Kifaransa kina misemo miwili kwa vitendo hivi, na fundi wetu aliijua yote. Alipokutana na kitenzi kimoja cha Kiswahili alikilinganisha na ule wa kwanza, kama ambavyo mfasiri yeyote angefanya.

Nchini Tanzania kuna kuhuisha, ambalo watumishi wa umma hulitumia kwa taarifa na kumbukumbu. Naona linafaa zaidi kwa orodha: kuhuisha orodha. Kwa kitendo cha pili napendekeza kupandisha toleo, wala si kuboresha, kwa kuwa kuboresha hubeba hukumu ya ubora, na si kila toleo jipya ni bora kwa kila mtumiaji.

Kifurushi nacho kina utata. Kwa msikilizaji wa Dar es Salaam, neno hili kwanza ni muda wa maongezi au data ya simu. Fundi akiambiwa kifurushi kimekwisha, ataongeza salio. Ndiyo maana hapa nimetumia furushi. Kuhusu sakinisha na sanikisha, ambayo yote mawili yamo katika matumizi, sioni haja ya mjadala mrefu: la kwanza linafuata mzizi unaohusu kukaa mahali, na hilo latosha.

Jitihada za awali, kama ile ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyozaa Jambo OpenOffice mwaka 2004, zilihusu programu za ofisini. Upande wa seva uliachiwa Kiingereza, pengine kwa kudhani kwamba mafundi wote wanakielewa. Dhana hiyo haikidhi hali ya Burundi na mashariki ya Kongo. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki inaweza kuanza na vitenzi visivyozidi kumi, kila kimoja kikisanifiwa pamoja na yambwa yake na amri inayowakilishwa, kisha vijaribiwe na mafundi kabla ya kuchapishwa.

4.0 Mwongozo uliorekebishwa

Ukurasa wa pili sasa unasomeka hivi: “Kila Jumatatu, hakiki saa ya seva. Huisha orodha. Pandisha toleo la programu zote zilizoorodheshwa. Washa upya huduma zilizoguswa. Nakili rekodi kwenye diski ya nje, kisha uichomoe.” Nilimtumia fundi rasimu kabla ya kuichapa. Alijibu kwa swali moja: “Mwalimu, nikihuisha orodha nikakuta hakuna toleo jipya, niandike nini daftarini?” Tumeongeza safu ya tatu katika daftari, yenye kichwa “Idadi ya programu zilizopandishwa”, na siku kama hiyo huandikwa sifuri.