Nauli ya taksi mtandao: dereva abaki na ngapi?

Aprili 2022, wakazi wa Dar es Salaam waliofungua programu ya Uber kuita gari waliambulia patupu. Kampuni hiyo ilisitisha huduma baada ya Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) kuagiza kamisheni ya taksi mtandao isizidi asilimia 15 ya nauli. Awali Uber ilikuwa ikikata 25.

Madereva ndio wanaonunua mafuta na kulipia matengenezo, na wengi hudaiwa hesabu na mwenye gari kila jioni. Walililia punguzo hilo. Walipolipata, wakakosa abiria wa Uber. Ushindi wa ajabu. Januari 2023 Uber ilirejea, LATRA ikiwa imepandisha kikomo hadi asilimia 25.

Ng'ambo ya Namanga, kanuni za Kenya za 2022 ziliweka kikomo cha asilimia 18. Uber na Bolt zikabaki Nairobi.

Jumuiya ya Afrika Mashariki haina kikomo cha pamoja. Kwa nauli ya Sh10,000, kikomo cha Tanzania cha 2023 kilimwachia dereva Sh7,500. Kwa kile cha Kenya angebaki na Sh8,200, kabla ya kupita kituo cha mafuta.