Ziara ya Siku Moja Machakos: Mji Uliotangulia Nairobi

Kutoka katikati ya Nairobi hadi mjini Machakos ni takriban kilomita 65. Mgeni akiondoka saa moja asubuhi anaweza kuzunguka, kula chakula cha mchana na kurudi kwake kabla ya giza kuingia. Wengi huja wikendi, wakapiga picha People's Park, kisha wakaondoka bila kujua wamekanyaga mji gani. Nasi wakazi tukiulizwa hapa kuna nini cha kale, mara nyingi hatuna jibu. Makala haya yanaeleza mambo ambayo mkazi yeyote, awe mhudumu wa boda boda au mama wa hoteli, anaweza kumweleza mgeni.

Machakos ni mkubwa kwa umri kuliko Nairobi. Jina lenyewe linatokana na Masaku, mwaguzi na kiongozi wa Akamba aliyeishi sehemu hizi. Wageni hawakuweza kulitamka sawasawa. Kampuni ya Imperial British East Africa ilijenga ngome hapa mwaka wa 1889, kwenye njia ya misafara iliyotoka pwani kuelekea Uganda. Nairobi ya leo ilikuwa kinamasi na malisho ya Wamaasai. John Ainsworth alikuja kusimamia kituo hiki mwaka wa 1892, na Waingereza walipotangaza himaya yao mwaka wa 1895, Machakos ikawa makao makuu ya Mkoa wa Ukamba.

Hapa turekebishe jambo moja. Utasikia ikisemwa kwamba Machakos ulikuwa mji mkuu wa kwanza wa Kenya. Ukweli ni kwamba himaya ilitawaliwa kutoka Mombasa, hadi makao yalipohamishiwa Nairobi mwanzoni mwa karne ya 20. Machakos ilikuwa kituo cha kwanza cha utawala wa Waingereza huku bara. Sifa hiyo inatosha bila kutiwa chumvi.

Reli ndiyo iliyogeuza mambo. Wajenzi waliipitisha kwenye nyanda za Kapiti na Athi, wakauacha mji wetu kando. Ilifika Nairobi mwishoni mwa Mei 1899, na mwaka huo huo Ainsworth akahamishia ofisi zake huko.

Lakini habari ambayo mgeni kutoka Nairobi angepaswa kuisikia kwanza ni ya Ngelani, kwenye vilima vya Iveti juu ya mji. Mwaka wa 1938 serikali ya kikoloni ilidai kuwa ng'ombe wa Akamba ni wengi mno na wanaharibu udongo. Haikusema sana kuhusu malisho yaliyokuwa yamechukuliwa na walowezi. Ng'ombe walikamatwa kwa nguvu na kupigwa mnada kwa bei duni, wakati ambapo kiwanda cha nyama kilikuwa kimefunguliwa Athi River. Muindi Mbingu aliwaongoza watu, wanaume kwa wanawake na watoto, wakaenda Nairobi kutaka kuonana na Gavana. Walipiga kambi huko kwa wiki kadhaa. Muindi alikamatwa na kupelekwa kizuizini Lamu, lakini serikali ililazimika kuacha uuzaji huo wa lazima. Mkazi wa Nairobi anayenunua mboga City Market anasimama kwenye barabara yenye jina la Muindi Mbingu. Anayepanda Ngelani anafika alikotoka mtu huyo.

Kwa hivyo mpango mzuri ni kuanzia mjini asubuhi, kisha kupanda Iveti kabla jua halijawa kali. Huko juu yatazameni matuta ya fanya juu. Udongo ambao wakoloni walisema umekwisha kufa bado unalimwa, kwa sababu familia na vikundi vya mwethya vilichimba matuta hayo kwa mikono. Mchana, mpelekeni mgeni apate muthokoi badala ya chipsi. Baada ya hapo achague: Kituluni, ambako maji huonekana kupanda mlima (macho ndiyo yanayodanganywa na mteremko, ingawa watoto hawakubali), au Wamunyu kwa wachonga vinyago. Uchongaji wa Wamunyu ulianza na Mutisya Munge, aliyejifunza ufundi huo Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kwenda kote kuwili kwa siku moja ni kujichosha bure.

Wamiliki wa majengo ya zamani wanaombwa kuuliza kabla ya kubomoa. Chini ya Katiba, makumbusho na utalii wa mashinani ni kazi za kaunti, nayo majumba ya kale yenye umuhimu wa kitaifa yako chini ya serikali ya kitaifa. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Urithi ya 2006 inamtaka yeyote anayegundua mahali au kifaa cha kale chenye thamani ya kiakiolojia kutoa taarifa kwa Makavazi ya Kitaifa ndani ya siku saba. Ukichimba msingi ukakutana na kitu usichokielewa, simamisha kazi, usikiuze, na umwone chifu wako akuelekeze pa kupeleka taarifa.

Wageni wasio na gari hupanda matatu katika stendi ya Machakos Country Bus, Nairobi. Wenye magari hufuata barabara ya Mombasa hadi Kyumvi, kisha hukata kushoto. Jumapili jioni barabara hiyo hujaa. Ni vyema kuanza safari ya kurudi kabla ya saa kumi.