Mtoto mtu mzima mwenye kifafa: msaada upo wapi, na unaombwaje?



Juzi nilikuwa kafe moja hapa Sumbawanga mjini, akaingia mama mmoja ametoka upande wa Laela, kaongozana na kijana wa jirani yake. Wanatafuta "fomu ya posho ya kifafa". Mwanaye ana miaka 27, anaanguka tangu mdogo. Kijana katafuta nusu saa nzima, zinakuja fomu za Uingereza na Marekani tu. Mama akauliza, "Kwa hiyo mwanangu hayumo?" Swali lile limenikaa kichwani, ndio maana naandika.

Tuanze na ukweli mchungu. Tanzania Bara hakuna posho ya kila mwezi anayolipwa mtu kwa sababu tu ana kifafa. Wenzetu Kenya walianza mwaka 2011 mpango wa fedha kwa kaya zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa. Kwetu pensheni ya ulemavu ipo NSSF, lakini ni ya mtu aliyekuwa anachangia. Kijana ambaye hajawahi kuajiriwa haimhusu. Kwa hiyo ukimkuta mtu anauza "fomu za posho", hela yako ibaki mfukoni.

Ila kuna milango mitatu ya kugonga, na yote inataka kitu kimoja: kijana awe ameandikwa.

KIFAFA NI ULEMAVU?

Inategemea. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010 haiishii kwenye jina la ugonjwa. Inaangalia kama hitilafu ya mwili, akili au hisi, pamoja na vikwazo vya jamii, inamzuia mtu kuishi kama wengine. Anayemeza dawa, hajaanguka miaka, analima shamba lake, huenda asihesabiwe, na hiyo ni habari njema. Anayeanguka kila wiki na hawezi kuachwa peke yake na moto, huyo ana hoja.

KABLA YA KUGONGA

1. Hospitali kwanza. Hospitali zetu nyingi kifafa kinatibiwa kitengo cha afya ya akili. Jina lisiwatishe, haina maana kwamba ana kichaa. Tunza kadi ya kliniki, na omba daktari aandike maelezo ya hali yake. Shirika la Afya Duniani linasema hadi watu 70 kati ya 100 wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata tiba sahihi. Hakuna posho inayoshinda hiyo. Na dawa haiachwi ghafla, hata akiwa mzima miezi kadhaa.

2. Mtendaji wa kijiji au mtaa. Omba kijana aingizwe kwenye orodha ya watu wenye ulemavu, na upewe barua ya utambulisho. Kumbuka ameshavuka miaka 18. Karatasi ziwe na jina lake na namba yake ya NIDA, na yeye mwenyewe aende, aulizwe, aongee. Mzazi ni msaidizi wake.

MILANGO YENYEWE

Wa kwanza ni afisa ustawi wa jamii, halmashauri au hospitali. Asiye na uwezo anaweza kuombewa msamaha wa gharama za matibabu. Barua ya mtendaji ndiyo inaanza kazi hapo.

Wa pili ni TASAF. Awamu ya pili ya mpango wa kunusuru kaya maskini ilizinduliwa Februari 2020, na ndani yake kulikuwa na ruzuku kwa kaya zenye mtu mwenye ulemavu. Angalia neno hilo: KAYA. Kinachopimwa ni umaskini wa nyumba nzima, na kaya zinatajwa kwanza kwenye mkutano wa kijiji. Mgonjwa akifichwa ndani, mkutanoni hatajwi. Tangazo la uandikishaji likitoka, msikose.

Wa tatu ni mkopo wa halmashauri. Asilimia 10 ya mapato ya ndani inatengwa: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Hauna riba, ila ni deni, unarudishwa. Unafaa kama kuna shughuli ya kweli, mfano kufuga kuku au kuuza maharage.

BARUA IANDIKWEJE?

Hapa ndipo wengi wanakwama. Wanaandika: "Mwanangu anaumwa kifafa, naomba msaada." Afisa akisoma haoni kitu. Linganisha na hii:

"Mwanangu ana miaka 27. Anaanguka kama mara 4 kwa mwezi. Mwezi Julai aliangukia moto jikoni akaungua mkono wa kulia. Hawezi kupika peke yake, kuchota maji kisimani wala kuendesha baiskeli. Mimi mama yake nina miaka 61, ndiye ninayemwangalia, shamba silimi tena kama zamani. Naambatanisha kadi ya kliniki."

Baridi ya Ufipa mnaijua, kila mtu anasogea motoni. Kila anayeanguka ana kovu la kusimulia. Basi lisimulieni kwenye karatasi, bila chumvi. Chukua daftari la shule, andika tarehe kila anapoanguka na kilichotokea. Miezi mitatu tu inatosha kuwa ushahidi. Toa kopi ya kila kitu, na ukipeleka barua omba kopi yako igongwe mhuri.

Wazee wanasema jina Sumbawanga ni Kifipa, maana yake tupa uchawi. Lakini mpaka leo mtu akianguka watu wanasema karogwa, familia inaona aibu, inamficha. Mama akifariki, kijana anabaki hana kadi wala barua, na hakuna ofisi inayojua kama yupo.

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa, unayejua kutumia kompyuta, ndiye karani wa familia yako. Yule kijana wa jirani alichapa barua ukurasa mmoja, mama akaikunja akaiweka kwenye kanga, wakaenda kuwahi gari. Hakupata posho, ila safari hii mwanaye ameandikwa.

Nawasilisha. Aliyewahi kugonga milango hii atupe uzoefu wake hapo chini, majina ya wagonjwa tusiweke.