Mzee Asiye na Mtu Asikwame Njiani

Katika desturi zetu mzee hutunzwa na watoto wake. Wakurya wa Tarime na Serengeti walilipa jambo hilo uzito hata wakaliwekea mila: mama asiyejaliwa mtoto wa kiume hutoa mahari ya ng'ombe, akaoa mwanamke kijana, na watoto watakaozaliwa wakawa wa nyumba yake. Ndoa hiyo, iitwayo nyumba ntobhu, ni akiba ya uzeeni. Lakini inadai ng'ombe. Mwenye zizi tupu haoi mtu, naye uzee humkuta peke yake.

Kwa ajili ya watu wa namna hiyo Serikali inaendesha makazi ya wazee wasiojiweza kwa fedha za umma. Mkoani Mara makazi hayo yako Nyabange, wilayani Butiama. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ililiweka jukumu la matunzo kwanza kwa familia na jamii, na makazi yawe hatua ya mwisho. Tunaiunga mkono. Tunachopinga ni kuligeuza neno "mwisho" liwe kisingizio cha kutompokea mtu.

"Huyu ana ndugu," huambiwa msindikizaji wa mzee. Pengine anao: mmoja kahamia Mwanza, hajaleta salamu miaka mingi, mwingine ni mzee kama yeye. Jina la ndugu katika daftari la kijiji halipiki uji wala halichoti maji. Swali la haki ni moja: leo ni nani anayemlisha mzee huyu?

Kwa hiyo tunatoa rai kwa viongozi wa ngazi zote. Ombi likifika ofisi ya kijiji, lipelekwe kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri bila kukawia, na jibu litolewe kwa maandishi, pamoja na sababu. Halmashauri igharimie safari, kwani atokaye Mugumu, au Tarime kupitia daraja la Kirumi, hawezi kutakiwa nauli asiyokuwa nayo. Wasomaji wetu wa Ukerewe na Ukara, ambao hulipa chombo kabla ya basi, wanalielewa hili vizuri zaidi. Palipo na nyumba za wazee za mashirika ya dini, halmashauri ilipie humo nafasi za mafukara. Na mzee mwenyewe aulizwe kama anaridhia.

Wako watakaosema kwamba milango ikifunguliwa watoto watawatupa wazazi. Hofu hiyo haifai kupuuzwa. Lakini Zanzibar, mwezi Aprili 2016, ilianza kumlipa kila mkazi aliyefikisha miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuuliza kama ana watoto, na haikuifunga nyumba ya wazee ya Sebleni. Msaada ukimfikia mzee kwake, familia maskini hupata nguvu ya kumtunza, na makazi hubaki kwa asiye na mtu. Mtoto mwenye uwezo anayemtelekeza mzazi na abanwe. Mzazi asiadhibiwe kwa njaa kwa kosa la mwanawe.

Azimio la Arusha la mwaka 1967, lilipodai kila mtu aishi kwa jasho lake, liliwatoa wazee katika sharti hilo. Wao walikwisha kulitoa jasho lao. Sasa ni zamu yetu kuwalipa.