Je, Wajua? Yaliyo nyuma ya riwaya za vijana

Kila mpenzi wa riwaya za vijana ana mafungu matatu: alizozimaliza majuzi, anayoisoma sasa, na anazozisubiri kwa hamu. Hapa nafungua mafungu yangu mwenyewe na kueleza mambo ambayo majalada hayasemi. Bado wako watu wazima wanaodhani vitabu hivi ni vya kupitishia muda tu, hadi kijana akue aanze kusoma "vya maana". Mimi sikubaliani nao hata kidogo.

Nilizozimaliza

Je, wajua kwamba The Outsiders iliandikwa na mwanafunzi wa sekondari? S. E. Hinton, binti wa mji wa Tulsa katika jimbo la Oklahoma, Marekani, alianza kuiandika akiwa na miaka 15. Rafiki yake alikuwa amepigwa vibaya njiani akitoka sinema, na hasira ile ndiyo iliyomshikisha kalamu. Alikuwa pia amechoka na vitabu vya wasichana vya siku zile, ambavyo havikuwa na habari nyingine ila nani atampeleka nani dansini. Akaandika juu ya vijana wa mitaa ya maskini na ugomvi wao na watoto wa matajiri. Kitabu kilitoka mwaka 1967, yeye akiwa na miaka 18. Jina lake ni Susan Eloise, lakini mchapishaji alishauri zitumike herufi tu, kwa hofu kwamba wahakiki wasingemwamini msichana anayesimulia habari za magenge ya wavulana. Na mwaka ule ule aliokuwa akikiandika, somo la uandishi wa kubuni shuleni alipata D!

Safari ya kitabu hicho hadi kuwa filamu ndiyo inayonifurahisha zaidi. Mwaka 1980 wanafunzi wa shule moja ndogo karibu na Fresno, California, pamoja na mkutubi wao, walimwandikia barua mwongozaji Francis Ford Coppola wakimwomba aigeuze riwaya hiyo filamu. Waliambatanisha nakala ya kitabu na saini zao. Coppola, ambaye tayari alikuwa ametengeneza The Godfather, alikubali. Filamu ilitoka 1983, na ndani yake wamo vijana ambao majina yao yalikuja kuvuma sana, akiwemo Tom Cruise. Mkutubi na wanafunzi wale wametajwa kwa shukrani katika filamu yenyewe.

Je, wajua kwamba kulikuwa na mwandishi aliyetia namba ya simu ya nyumbani kwake ndani ya riwaya? Ni Robert Cormier wa Leominster, Massachusetts. Katika I Am the Cheese, iliyotoka 1977, mhusika mkuu anampigia simu rafiki yake wa kike, na namba iliyochapwa ilikuwa ya Cormier mwenyewe. Vijana walipiga. Simu iliita kwa miaka mingi, na mwandishi alipokea akazungumza nao kana kwamba ni baba wa msichana wa kitabuni. Baadhi ya waliopiga hawakuwa na swali lolote la fasihi. Walitaka mtu mzima wa kuwasikiliza. Sijui heshima kubwa kuliko hiyo ambayo mwandishi anaweza kumpa msomaji wake.

Riwaya yake ya awali, The Chocolate War ya 1974, ilizaliwa nyumbani. Mwanawe alikataa kuuza chokoleti za kuchangisha fedha shuleni, akazirudisha zote. Shule haikumfanya lolote. Lakini baba mtu akabaki anajiuliza: na kama shule nzima ingemgeukia?

Ninayoisoma

Mezani pangu sasa ipo Sunrise on the Reaping ya Suzanne Collins, iliyotoka tarehe 18 Machi 2025. Wasomaji wa The Hunger Games wanamkumbuka Haymitch, yule mlevi aliyemfunza Katniss, mhusika mkuu, namna ya kubaki hai. Humu tunamkuta akiwa kijana, miaka 24 kabla ya zamu ya Katniss, katika michezo ya 50 ya kuuana, ambapo kila wilaya inatoa vijana wanne badala ya wawili. Hesabu yake ni vijana 48 uwanjani, na anayetarajiwa kutoka hai ni mmoja. Ukishajua mwisho wake, kila ukurasa wa mwanzo unauma.

Collins ameeleza kwamba wazo la kwanza la mfululizo huu lilimjia usiku akibadilisha stesheni za televisheni. Huku vijana wanashindania zawadi, kule picha za vita vya Iraki. Macho yakachoka, vipindi viwili vikaanza kuchanganyika. Aliongeza hadithi ya kale ya Kigiriki, ya vijana wa Athene waliopelekwa Krete kuliwa na Minotauro. Kwa kitabu hiki kipya alimgeukia mwanafalsafa David Hume wa Uskoti, aliyeshangazwa na jinsi watu wengi wanavyokubali kutawaliwa na wachache. Ndiyo maana propaganda imejaa humu, na ndiyo maana nakisoma polepole.

Je, wajua kwamba msanii mmoja ameunganishwa na riwaya tatu za vijana zilizovuma karne hii? Amandla Stenberg aliigiza kama Rue katika filamu ya The Hunger Games ya 2012. Baadhi ya watazamaji walilalamika kwamba Rue ni mweusi, ilhali kitabu kinataja waziwazi ngozi yake ya kahawia iliyokolea. Mwaka 2018 aliigiza kama Starr katika The Hate U Give, riwaya ya Angie Thomas wa Jackson, Mississippi. Thomas aliianza kama hadithi fupi chuoni, baada ya kijana Oscar Grant kuuawa na polisi huko Oakland mwaka 2009. Miaka baadaye alimuuliza wakala mmoja wa waandishi kwenye Twitter kama suala hilo linafaa kwa vijana. Akajibiwa ndiyo, na kampuni 13 za uchapishaji zikaugombea mswada.

Ninazozisubiri

Ya tatu kati ya kazi hizo za Stenberg ni filamu ya riwaya Children of Blood and Bone, iliyopangwa kutoka Januari 2027. Mwandishi wa riwaya hiyo, Tomi Adeyemi, ni Mmarekani wa wazazi wa Kinigeria, lakini hakuwakuta miungu wa Wayoruba nyumbani. Aliwaona kwa mara ya kwanza kwenye picha dukani Salvador, Brazili, mji ambao watumwa kutoka Afrika Magharibi walifika na imani zao. Kitabu cha tatu na cha mwisho cha mfululizo wake, Children of Anguish and Anarchy, kilitoka 2024, nami nataka kukimaliza kabla ya filamu.

Baada ya hapo ni City of Saints & Thieves ya Natalie C. Anderson, ya 2017. Mhusika wake ni Tina, mkimbizi kutoka Kongo anayeishi kwa wizi katika mji wa kubuniwa nchini Kenya, akimsaka muuaji wa mama yake. Anderson amefanya kazi na wakimbizi kwa miaka. Nitaisoma sambamba na Siku Njema ya Ken Walibora, ya 1996, ambamo Kongowea, mtoto wa mwimbaji wa taarabu, anaondoka Tanga kwenda Kenya kumtafuta baba yake. Wote wawili wamevuka mpaka, wote wamefiwa na mama, na wote wanadai majibu kwa watu wazima. Nina hamu ya kuona nani kati yao anayapata kwa gharama kubwa zaidi.